Alirudi kutoka Kongo bila jeraha, mbona halali?

SWALI: Daktari, mume wangu ni mwanajeshi mstaafu, aliwahi kwenda misheni Kongo. Alirudi mzima, hana hata mkwaruzo, lakini halali. Usiku anapiga kelele, akiamka kaloa jasho. Mwezi uliopita tairi la lori lilipasuka barabarani, akamvuta mtoto wakalala chini ya meza, chai yote ikamwagika. Mtoto analia, yeye kimya, anatazama mlango. Siku hizi hapati usingizi mpaka anywe. Ndugu zake wanasema ana jini, yeye anasema hana kitu. Nifanye nini? – Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Pole sana mama. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama pale chini ya meza. Tazama alichokifanya: alimkinga mwanawe. Kule Kivu Kaskazini, ambako tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la kambi ya Semuliki, anayechelewa kulala chini anaweza asiinuke tena. Ubongo ukishajifunza somo hilo hauliachi kwa sababu tu ndege imetua Dar es Salaam. Kishindo kikisikika, adrenalini inamwagika na moyo unakwenda mbio kabla hajapata nafasi ya kuwaza kwamba ni tairi.

Kwa maelezo yako, nahisi ana msongo wa baada ya kiwewe, ingawa ni daktari atakayemwona ndiye wa kuthibitisha. Dalili zake hudumu zaidi ya mwezi: jinamizi, kukwepa kila kinachomkumbusha vita, kushtuka ovyo, hasira za ghafla, kujilaumu kwamba wenzake walikufa yeye akabaki. Wengine huanza kuugua miaka kadhaa baada ya kurudi.

Muulize pia kama bomu liliwahi kulipuka karibu naye. Mlipuko unaweza kuutikisa ubongo bila kupasua hata ngozi, mtu akabaki na maumivu ya kichwa, masikio yanayovuma na usahaulifu. Picha ya CT mara nyingi hutoka safi, naye akarudishwa nyumbani akiambiwa hana kitu.

Hilo neno "hana kitu" linaniuma. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama utoro na woga, na baadhi yao leo tungewaita wagonjwa. Walisamehewa mwaka 2006.

Tiba ipo, na wengi hupata nafuu. Ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa kutibu kiwewe, kila wiki kwa miezi kama mitatu. Pengine ataongezewa dawa kama sertraline, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, kwa hiyo asiiache njiani. Pombe inamlaza saa za mwanzo, kisha inauvuruga usingizi usiku wa manane na jinamizi linarudi. Asiipunguze kwa kujinunulia vidonge vya usingizi dukani; vikikutana na pombe vinaweza kuua. Kama anakunywa kila siku, daktari amsaidie kuiacha taratibu.

Anzeni hospitali ya mkoa. Kama anaweza kutibiwa katika hospitali ya jeshi ya Lugalo, huko wanawajua askari. Katika hospitali za Mirembe na Muhimbili nako kuna mabingwa wa afya ya akili. Ukimwambia "twende kwa daktari wa akili" huenda akakataa. Mwambie twende tukatibu usingizi.

Kuhusu jini wanalolisema ndugu zake, dua endeleeni nazo. Mganga wa kumfunga au kumchapa, hapana.

Akipiga kelele usiku usimtikise, anaweza kukupiga bila kujua. Washa taa, simama upande wa miguuni, mwite kwa jina, mwambie yuko nyumbani, Morogoro. Mtoto naye aelezwe kwamba kelele ile ilimkumbusha baba vita, na kwamba yeye mtoto hakukosea. Siku mumeo akitamka kuwa bora angefia kule, usimwache peke yake: ondoa silaha, sumu na dawa zilizomo ndani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe mama, unalala saa ngapi? Mkifika kwa daktari, msimalize kabla hujaeleza na ya kwako.