Mafunzo Niliyopata kwa Mchunga Kondoo wa Paulo Coelho

The Alchemist ni kitabu kinachoazimwa kuliko kinavyonunuliwa. Nakala niliyosoma ilishapita mikono mingi, jalada limeshikizwa kwa selotepu, na kuna msomaji aliyepigia mstari kila palipotajwa ndoto. Mimi ningepiga mistari pengine. Kisa chenyewe ni chepesi: Santiago, kijana mchunga kondoo wa Andalusia, Hispania, anaota kwamba kuna hazina inamsubiri kwenye piramidi za Misri, basi anaifuata. Haya ndiyo niliyobaki nayo.

1. Ndoto ina nauli

Wengi wakikisimulia kitabu hiki huanza na lile wazo kwamba ukitaka jambo kwa dhati, ulimwengu mzima unakusaidia. Wanasahau kwamba mzee anayemwambia Santiago hayo, Melkizedeki mfalme wa Salemu, anadai kwanza sehemu moja ya kumi ya kondoo wake. Kijana anatoa sita, wengine anauza. Anavuka hadi Tangier, Moroko, na siku hiyo hiyo anatapeliwa fedha zote na mtu aliyejifanya mwenyeji wake. Hapo ndipo ninapompenda Coelho. Anampeleka kijana wake kwenye duka la vyombo vya kristali lililo mlimani, biashara imedorora, na anamshikisha kitambaa afute vumbi.

Nimekulia katika duka la vyombo la mjomba wangu, kwa hiyo kurasa hizo nilizisoma polepole. Nalijua vumbi linalojaa kwenye nakshi za glasi, ambalo kitambaa hakilitoi mpaka uchukue kijiti. Namjua na mteja mzoefu: hasemi kitu, anaiinua glasi, anaigonga kwa ukucha na kusikiliza. Ikilia vizuri, ni nzima. Ikitoa mlio mfu, ina ufa, hata kama jicho halijauona, na bei inaanza kushuka hapo hapo. Santiago anafanya kazi ya namna hiyo karibu mwaka mzima. Anamshawishi tajiri wake aweke kabati la vyombo nje ili wapita njia wavione, kisha wawauzie wanaopanda mlima chai ndani ya glasi za kristali. Watu wanakunywa chai, wananunua na glasi. Anaondoka Tangier akiwa na fedha yake mfukoni, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wahamasishaji wetu wa majukwaani huiruka.

2. Mwenye duka si mwoga tu

Tajiri huyo Mwislamu ana ndoto moja, kwenda Makka. Fedha anapata, lakini haendi. Anahofia kwamba akishafika hatabaki na kitu cha kumwamsha asubuhi. Kitabu kinataka tumwonee huruma. Mimi nilimheshimu. Anaijua hofu yake, anaitaja kwa mdomo wake, wala hamzuii kijana kwenda zake. Kina mama wa mtaani kwetu wanaoweka akiba ya Hija kidogo kidogo kwa miaka mingi wangemgombeza, na wangekuwa na haki. Lakini kumwita mtu aliyeshindwa kwa sababu amebaki dukani kwake ni kutomtendea haki.

3. Anayesimulia ni aliyefika

Kitabu kilitoka Brazili mwaka 1988, mwandishi akiwa ameshavuka miaka arobaini. Kabla ya hapo alikuwa akitunga mashairi ya nyimbo pamoja na mwanamuziki Raul Seixas. Mchapishaji wa kwanza, kampuni ndogo, aliona hakiuziki akamrudishia haki zake. Coelho akatafuta mwingine, na leo kitabu kinasomwa katika lugha zaidi ya 80. Ni kisa kizuri. Ila waliokataliwa na mchapishaji wa pili, na wa tatu, hawaitwi kuhojiwa. Kijana anayetaka kuuza kiwanja cha familia kwa sababu ya ndoto awatafute na hao pia, wapo wengi na hawana makuu.

4. Fatima naye ana safari yake

Santiago anamkuta Fatima kwenye oasisi ya Al-Fayoum, wanapendana, halafu yeye anaendelea na safari na binti anabaki akimngoja. Anangoja kwa furaha, tunaambiwa, kwa kuwa ni mwanamke wa jangwani. Hapa Coelho alinipoteza. Pwani yetu ya leo ni Fatuma anayepanda ndege kwenda Muscat kufanya kazi za ndani, mume akabaki na watoto akisubiri hela ya mwezi. Ningependa kusoma hazina yake yeye.

5. Kisa hiki kina wazee wake

Mwisho wa kitabu, Santiago anagundua kupitia ndoto ya mtu anayempiga kwamba hazina iko kule alikotoka. Mambo hayo yamo katika Alfu Lela Ulela: mtu wa Baghdad aliyefilisika anaota kwamba riziki yake iko Misri, anafika Kairo, anakamatwa na kuchapwa, na mkuu wa polisi anamcheka akimsimulia ndoto yake mwenyewe kuhusu mali iliyofukiwa katika nyumba moja ya Baghdad. Ni nyumba ya yule yule aliyechapwa. Jalaluddin Rumi naye alikisimulia katika karne ya 13.

Kasome vyote viwili. Mimi nakipenda zaidi kile cha Baghdad: ni kifupi, kinachekesha, na hakimfundishi mtu namna ya kuishi.