Mtama Usidharauliwe

Wakulima wa Kenyamonta, katika Wilaya ya Serengeti, huishi kwa mvua mbili: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Siku hizi mvua hizo haziaminiki. Zaweza kuanza vizuri, mkulima akapanda, kisha zikakatika majuma mazima. Au zikanyesha kwa nguvu na kuuchukua udongo pamoja na mbegu. Mvua za mwisho wa mwaka 2019 zilikuwa nyingi hata Ziwa Viktoria, mwezi Mei 2020, likapita kimo chake cha mwaka 1964. Mara baada ya hapo Kenya na Somalia zikapata misimu mitano mfululizo ya mvua haba, na ukame huo uligusa kaskazini mwa nchi yetu pia.

Wataalamu wametueleza sababu. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1 ya sentigredi, yaweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Kwa hiyo mvua ikija huja kwa kishindo, na jua likiwaka huukausha udongo upesi. Moshi ulioleta joto hilo haukutoka katika mafiga ya Wangoreme, bali zaidi katika viwanda vya nchi tajiri. Hiyo ni dhuluma, nasi hatutaacha kuisema. Lakini vuli haingoji hukumu, na jamaa lazima ile.

Basi ni lipi lililo mikononi mwa mkulima? Twaanza na mbegu. Mahindi ni chakula kizuri, wala hatusemi yaachwe. Ila yana udhaifu mmoja mkubwa: yakikosa maji siku zile chache za kutoa mbelewele na ndevu, gunzi hubaki na mapengo, hata kama mvua itarudi baadaye. Mtama sivyo. Jua likizidi hukunja majani yake, ukangoja, na mvua ikirudi huendelea kukua. Na ulezi, mara ukivunwa, hukaa kihengeni miaka mingi bila kuharibiwa na wadudu. Wazee walioweka akiba ya ulezi walijua walitendalo. Sisi tuliosoma ndio tuliouita mtama chakula cha maskini, tukawafundisha watoto kuuonea haya mezani.

Tuseme kweli, mtama una taabu yake. Ndege huupenda mno, na zamani watoto ndio waliowafukuza. Leo watoto wapo shuleni, na ndipo panapowapasa kuwapo. Mtama mwekundu, wenye uchungu kidogo, ndege huushambulia kwa nadra kuliko mweupe. Tena majirani wakipanda kwa siku zinazokaribiana, hasara hugawanyika, wala haimwangukii mmoja. Kiduha nacho hunyonya mizizi ya mtama sawasawa na ya mahindi. Yafaa king'olewe kabla hakijatoa mbegu, na samadi itiwe shambani. Mwenye ng'ombe anayeiacha samadi zizini huku shamba lake limechoka, anajinyima mwenyewe.

Mihogo pia ipewe sehemu yake, mradi pingili zisichukuliwe katika shina lenye batobato. Na mwenye shamba la mteremko alime kwa kukingama, si kutoka juu kwenda chini, kwa maana mfereji wa plau ukielekea bondeni ndio njia ya udongo kuondoka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri kabla ya kila msimu. Utabiri huo usikilizwe na baba na mama pamoja, kwa kuwa mara nyingi mama ndiye ashikaye jembe na kupima unga wa jioni. Waamue pamoja ni sehemu gani ya shamba itapewa mahindi na ipi mtama, na ni debe ngapi zisizouzwa hata bei ikiwa nzuri. Masuke ya mbegu yachaguliwe yangali shambani, katika mimea iliyostahimili jua, kabla mavuno hayajachanganywa.