Likizo, Mbio na Kisukari: Insulini Haijui Kama Shule Imefungwa

Je, unajua kwamba mwanafunzi mwenye kisukari anaweza kusumbuka zaidi likizo kuliko akiwa bwenini? Wengi hudhani ni kinyume chake. Shuleni maharage ni yale yale na mama hayupo, ndiyo. Lakini kuna kengele! Kengele ya uji, kengele ya chakula cha mchana, ya michezo, ya prepo. Bila wewe kujua, kengele hizo zinakusaidia kuishi na sukari yako.

Sasa tuseme unasoma Korogwe na bibi yako anakaa Handeni, kiasi cha kilomita 65 kwa barabara. Shule imefungwa, umefika kwa bibi. Unaamka saa tatu. Chai saa nne. Mchana wote wako shambani, chakula mpaka saa tisa. Na kwa kuwa wewe ni mkimbiaji na unataka timu ya shule ya UMISSETA, saa kumi jioni unavaa raba unaingia barabarani. Unarudi umechoka, unalala kabla bada haijaiva. Hapo ndipo hatari ilipo.

Hebu tuelewe kwanza. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachowapata zaidi watoto na vijana, kongosho halitengenezi tena insulini. Bila insulini sukari inabaki kwenye damu, mwili unakaa na njaa huku chakula kimejaa. Kabla ya insulini kupatikana, ugonjwa huu uliua. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Kwa hiyo akitokea shangazi au mganga akakwambia, "Acha sindano wiki moja tu, unywe dawa hii ya mizizi," mjibu kwa adabu, lakini usiache. Hata ukiumwa na huna hamu ya kula, insulini haiachwi kabisa; ni kipimo tu ndicho kinachoweza kubadilishwa, na hilo uliza kliniki.

Na mbio je? Kimbia! Steve Redgrave, mpiga makasia wa Uingereza, aliambiwa ana kisukari mwaka 1997. Mwaka 2000 kule Sydney, akiwa anachoma insulini, alichukua medali yake ya tano ya dhahabu ya Olimpiki. Misuli inayofanya kazi hunyonya sukari kutoka kwenye damu, na insulini hufanya kazi vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba misuli haiachi kunyonya ukivua raba. Inaendelea kwa saa nyingi, hata mpaka siku ya pili. Ndiyo maana sukari ya mkimbiaji inaweza kushuka saa nane za usiku, watu wote wamelala.

Basi pima kabla ya kutoka. Kama mashine inaonyesha chini ya 5, kula kwanza kitu chenye sukari, subiri, pima tena. Kati ya 7 na 10 ni pazuri pa kuanzia. Ikizidi 15, na hasa kama unatapika, tumbo linauma, unahema kwa nguvu au pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva, hakuna mbio siku hiyo. Twende hospitali, tena haraka. Wapo wanaodhani ukikimbia sukari iliyopanda hivyo itashuka. Mwili usio na insulini ya kutosha ukikimbizwa unazidi kuharibika.

Kwa mbio ndefu, weka mfukoni glukosi au sukari ya kawaida ndani ya karatasi ya nailoni. Kila nusu saa tumia kiasi cha vijiko vitatu vya chai, na maji. Usichome sindano kwenye paja kabla tu ya kukimbia, insulini itaingia kwenye damu upesi mno. Kama unatumia insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, jua kwamba ile ya asubuhi ina nguvu mchana, kwa hiyo kuruka chakula cha mchana halafu ukakimbia saa kumi ni kujitafutia balaa. Muulize daktari juu ya kupunguza kipimo siku za mazoezi makali. Usiku huo kula kabla ya kulala na upime, na ukiweza amka upime tena.

Usikimbie peke yako. Binamu yako unayekimbia naye ajue dalili: kutetemeka, jasho jingi, njaa kali, hasira zisizo na sababu, kuongea ovyo. Asipojua atadhani umelewa, au bibi ataita watu waje kutoa shetani! Akuambie ukae chini, akupe vijiko vitatu vya sukari au nusu glasi ya soda, ile yenye sukari. Baada ya dakika 15 mpime tena, halafu ule chakula. Ukizimia asikutie kitu chochote mdomoni: akulaze ubavu, akimbilie gari la kwenda hospitali.

Joto la Korogwe unalijua. Je, insulini itaharibika safarini? Ibebe kwenye mkoba wako mwenyewe, si kwenye buti la basi wala dirishani penye jua. Kuhusu kwa bibi kusiko na friji, kuna habari njema. Mwaka 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya utafiti. Walikuwa wamepima joto la ndani ya nyumba kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya: kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyokaa kwenye joto la namna hiyo linalopanda na kushuka kwa wiki nne ilibaki na nguvu karibu sawa na iliyokaa kwenye friji. Hata hivyo tafuta ubaridi: chupa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya chungu kidogo, nacho ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, pembeni kivulini. Chupa za akiba zibaki kwenye friji ya hospitali au zahanati iliyo karibu, wakikubali.

Sikukuu nazo zina mambo yake. Pilau la Idd au la Krismasi kula, ila kwa sahani yako ya kawaida, na soda uiache kwa ajili ya siku sukari inaposhuka. Mwezi wa Ramadhani, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Kaa na daktari na mzazi kabla mwezi haujaandama. Ukiwa umefunga na mashine ikaonyesha chini ya 4, fungua saa hiyo hiyo, hata kama zimebaki dakika kumi adhana ilie. Mbio mchana wa saumu, hapana.

Kabla ya kuondoka shuleni, pita hospitali ya wilaya Magunga, au Bombo ukiwa Tanga, uulize kliniki ya kisukari itafunguliwa siku zipi wakati wa likizo. Hesabu chupa, sindano na vipande vya kupimia, kisha ongeza vya wiki moja zaidi, maana mabasi huharibika na likizo huongezwa. Na daftari la vipimo lisibaki kwenye tranka.