Siku Moja ya Kuzaliwa: Mlango wa Somo la Historia

Mwalimu afundishapo habari za watu mashuhuri, hatari iliyo mbele yake ni kuligeuza somo kuwa orodha ya majina na miaka. Wanafunzi hukariri, hujibu mtihani, kisha husahau. Njia moja ya kuepukana na hatari hiyo ni kuchagua tarehe moja na kuwalinganisha watu waliozaliwa siku hiyo katika zama na nchi mbalimbali. Hapa tumechagua tarehe 13 Aprili, kwa ajili ya Darasa la Sita.

Shabaha ya somo: Mwanafunzi aweze kueleza kwamba mtu hupimwa kwa matendo yake, si kwa siku aliyozaliwa.

Hatua ya kwanza: Utangulizi. Waulize wanafunzi tarehe zao za kuzaliwa, uziandike ubaoni kwa miezi. Huenda wawili wakalingana, na darasa litashangaa. Waoneshe kwamba hiyo ni hesabu tu. Katika darasa la watoto 40 mna jozi 780 za kulinganishwa. Kwa hiyo uwezekano wa kupata angalau jozi moja inayolingana ni karibu asilimia 89. Hata watoto 23 wakitosha kuupitisha uwezekano huo nusu, hapana muujiza wo wote.

Hatua ya pili: Maelezo. Andika ubaoni majina matatu.

Thomas Jefferson alizaliwa Virginia, Marekani, mwaka 1743. Kwa kalenda iliyotumika huko wakati ule ilikuwa tarehe 2 Aprili; Uingereza na makoloni yake ziliporekebisha kalenda mwaka 1752, siku 11 zilirukwa, na tarehe yake ikahesabiwa kuwa 13 Aprili. Ndiye aliyeandika rasimu ya Tamko la Uhuru la mwaka 1776, lililodai usawa wa binadamu. Hata hivyo, katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alifundisha Tabora na Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili aongoze harakati za uhuru, uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961. Alifariki mwaka 1999, akiwa bado anaitwa Mwalimu.

Seamus Heaney, mtoto wa mkulima, alizaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1939. Alifundisha shuleni, kisha katika chuo cha ualimu mjini Belfast. Mwaka 1995 alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi kwa ushairi wake. Alifariki mwaka 2013.

Hatua ya tatu: Majadiliano. Ligawe darasa katika vikundi. Maswali yawe kama haya: Ni nani kati yao walikuwa walimu? Kila mmoja aliitumiaje kalamu yake? Je, Jefferson aliyatenda aliyoyaandika? Usiwape jibu la swali la mwisho. Waache wabishane kwa hoja, nawe uwadai ushahidi.

Tahadhari. Mwanafunzi akisema kwamba watu hao walikuwa wakuu kwa sababu ya nyota ya siku yao, mwulize: Je, watoto wengine wote waliozaliwa siku hiyo wako wapi? Swali hilo latosha.

Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi. Katika darasa lako huenda yumo mtoto asiyeijua tarehe yake, asiye na cheti cha kuzaliwa. Ukimpita kimya, au wenzake wakimcheka, somo limekwisha kumdhuru kabla halijaanza. Mwulize wazee wake husemaje: alizaliwa wakati wa mavuno, au mwaka wa mafuriko? Andika jibu lake ubaoni pamoja na tarehe za wengine. Mweleze kwamba jina la Kambarage, kama isimuliwavyo, ni la mzimu wa mvua wa Wazanaki, alilopewa mtoto huyo kwa kuwa mvua ilinyesha siku aliyozaliwa. Mvua nayo ilikuwa kumbukumbu ya siku, kama ilivyo kalenda.

Zoezi: Kila mwanafunzi amwulize mzazi au mlezi habari za siku aliyozaliwa, aandike aya moja. Mwalimu mwanafunzi naye afanye zoezi hili kwanza, kabla hajawapa watoto.