Somo la Nyumbani: Mwenyeji na Mazungumzo ya Wageni Wake



Tangu utoto tumefundishwa jinsi ya kumpokea mgeni: kumtua mzigo, kumpa kiti, maji ya kunawa, chai, kisha chakula. Mambo haya mtaani kwetu yanafanyika vizuri, nami sina la kuongeza. Lakini liko jambo moja la ukarimu ambalo aghalabu hatufundishani, nalo ni mazungumzo.

Sote tumekwisha kuona karamu ya ubatizo au ya kipaimara ambayo pilau ilikuwa nzuri na soda zilitosha, lakini watu walikaa katika viti vya kukodi vilivyopangwa mistari, kama abiria wanaongoja basi. Kila mmoja anatazama simu yake. Spika inapiga kelele hata mtu hamsikii aliye ubavuni pake. Saa kumi na mbili wanaaga. Na miongoni mwao yumo mtu mmoja ambaye tangu kuamkiana mlangoni hadi kuagana hakuulizwa neno lolote. Alishiba, akaenda zake mpweke kama alivyokuja.

Somo la leo linamhusu mtu huyo. Watu hudhani kwamba mwenyeji mzuri ni yule mwenye maneno mengi na vichekesho. Sivyo. Kazi ya mwenyeji ni kugawa zamu ya kusema kama anavyogawa nyama, na kuangalia kwamba hapana aliyekosa sehemu yake.

Mahali pa kukaa

Jambo hili si geni duniani. Alikuwako Mgiriki mmoja, jina lake Plutarch, aliyezaliwa katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo. Aliandika vitabu 9 juu ya mazungumzo ya karamuni. Katika kitabu cha kwanza anaeleza kwamba ndugu yake, Timon, alialika watu wengi akawaacha waketi kila mtu apendapo. Akaja tajiri mmoja mgeni, amevaa kwa fahari na watumishi nyuma yake. Alipotazama akaona haikubaki nafasi ya kulingana na heshima yake, akageuka akaondoka. Hapo ukazuka ubishi. Baba yao alilaumu kukosa utaratibu. Timon alijitetea kwamba hakutaka kujifanya hakimu wa kupima nani mkubwa na nani mdogo. Ndugu yao mwingine, Lamprias, ndiye aliyesema neno ninalolipenda mimi: wageni wapangwe, lakini si kwa cheo. Mwenye kutaka kujifunza akae karibu na mwenye elimu, mpole karibu na mwenye hasira, na kijana apendaye kusikiliza karibu na mzee apendaye kusimulia.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Luka sura ya 14, jinsi wageni walivyokimbilia viti vya mbele. Sitaingia katika mahubiri, hiyo ni kazi ya Padre. Nasema tu kwamba shida ya viti ni ya zamani, na dawa ya Lamprias inafaa hata leo. Ukiwakalisha walimu wote meza moja watazungumza uhamisho na mishahara mpaka jua lichwe. Mweke mwalimu mmoja kando ya mvuvi, na mwingine kando ya muuguzi, uone.

Hesabu nayo ina maana. Warumi wa kale walikuwa na kanuni, iliyotajwa na mwanachuoni wao Varro, kwamba walaji wa pamoja wasipungue 3 wala wasizidi 9. Mwaka 1995 wataalamu wa Uingereza, Robin Dunbar na wenzake, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya makundi ya watu wanaozungumza kwa hiari yao. Waliona kwamba mara chache kundi la mazungumzo moja huzidi watu 4. Akija wa tano, aghalabu kundi hugawanyika au mtu mmoja hubaki msikilizaji tu. Basi, ukiwa na wageni 30 usitegemee mazungumzo ya watu 30. Vunja ile mistari ya viti. Panga duara ndogo ndogo za watu wanne au watano, na mkeka chini ya mwembe kwa wale wapendao kukaa chini. Punguza spika. Kama ni lazima muziki uwepo, basi uwepo kwa saa ya kucheza.

Wenzetu wa Lamu na Unguja walilijua jambo hili walipojenga baraza za mawe mbele ya nyumba zao. Watu huketi karibu karibu, kahawa huja katika vikombe vidogo, na kikombe kidogo kina faida yake: humalizika upesi, mtu akajaziwa tena, na kila kujaziwa ni nafasi ya neno jipya.

Swali la kumwuliza mgeni

Hapa ndipo penye kiini cha somo, msomaji nivumilie.

Plutarch, katika kitabu cha pili, anajadili ni maswali gani watu hupenda kuulizwa mezani. Jibu lake ni jepesi: mtu hupenda kuulizwa jambo analolijua vizuri, hasa lile ambalo wengi hawalijui. Msafiri umwulize habari za nchi za mbali. Mzee umwulize mambo aliyoyaona.

Nilimwona mzee mmoja aliyehudhuria karamu tatu kwa jirani zetu bila kunena zaidi ya kuitikia “marahaba”. Vijana walimwona kuwa ni mkali. Katika karamu ya nne binti mwenyeji akapiga magoti akampa chai, akamwuliza: “Babu, mlipokuwa mashamba ya mkonge, kazi ya siku ilihesabiwaje?” Mzee aliweka kikombe chini. Akaeleza jinsi mkataji alivyokata majani na kuondoa ule mwiba wa ncha, jinsi walivyofunga mafungu na kuyapanga kando ya reli ndogo ya shambani, na jinsi mashine ya korona ilivyokwangua jani hadi zikabaki nyuzi. Vijana hawakujua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ndiyo iliyotangulia duniani kwa mkonge, na kwamba utajiri ule ulipita katika vidole vya watu kama babu huyu. Simu ziliwekwa mfukoni bila mtu kuambiwa. Binti yule alikuwa amefanya jambo moja tu: kabla ya karamu alimwuliza mama yake, “Babu huyu alifanya kazi gani?”

Ndiyo maandalio yenyewe. Mwalimu haingii darasani bila andalio la somo, na mwenyeji asingoje wageni bila kuwafikiria mmoja mmoja. Unapotoa orodha ya wageni kwa mpishi ili ajue kiasi cha mchele, pitia majina yale yale mara ya pili, na kwa kila jina tafuta jambo moja la kumwuliza mtu huyo. Tena unapowajulisha watu, usiseme tu “huyu ni Mama fulani, na huyu ni Bwana fulani.” Waachie kamba ya kushika: “Mama huyu amerudi juzi kutoka Kigoma kwa treni, nawe Bwana nasikia unajiandaa kwenda huko.” Kisha ondoka. Watajiendesha wenyewe.

Yako maswali yanayojeruhi, na kwa bahati mbaya ndiyo tunayoyapenda. “Mna watoto wangapi sasa?” humwumiza mke na mume waliongoja miaka kumi. “Siku hizi umeajiriwa wapi?” humwinamisha kijana aliyemaliza chuo akakosa kazi, na atatafuta kisingizio asije karamu ijayo. “Shemeji mbona hukuja naye?” limefungua vidonda vingi. Tunauliza bila ubaya, kwa mazoea ya kusalimiana tu, maana salamu zetu ni ndefu nazo hupita katika mambo yote ya nyumbani. Lakini salamu ina jibu lake la “njema” na mtu akajificha ndani yake. Swali la wazi mbele ya watu wanane halina maficho. Kijana yule mwulize, “Naona unaimba besi kwaya, wimbo wa sikukuu mmeufikisha wapi?” Utakuwa umemkuta mahali anaposimama kwa miguu yake.

Na mjane? Wengi humkwepa, au humzungumzisha habari za mvua. Kwa maoni yangu si vibaya kumtaja marehemu kwa jambo jema na fupi: “Mwembe huu tunaokalia kivuli chake, mzee ndiye aliyetuletea mche.” Usiongeze swali. Akitaka kuendelea, ataendelea, na pengine ni miezi mingi hajapata mtu wa kumsikiliza. Akibadili habari, mfuate huko alikokwenda.

Baada ya swali la kwanza ndipo kazi inapoanza. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba watu hupendezwa zaidi na mwenzao anayeuliza maswali mengi, hasa maswali yanayofuatia jibu walilokwisha kulitoa. Maana swali la pili ni ushahidi kwamba ulisikiliza. Mtu akisema, “Nimeanza kufuga nyuki,” usirukie habari za ng’ombe wako. Uliza, “Mizinga umeiweka wapi?”

Kunyamaza kidogo

Jambo hili nalifahamu kwa sababu ya chuo cha ualimu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi masomo mengi darasani, na katika miaka ya 1970 akatangaza alichokikuta. Mwalimu akiuliza swali, kwa wastani hangoji zaidi ya sekunde 1 kabla ya kumwita mwingine au kujijibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa wakihesabiwa wazito wakaanza kusema. Miaka mingi nimeketi nyuma ya madarasa nikiwatazama wanafunzi wetu wa ualimu katika mazoezi ya kufundisha, nami nathibitisha: sekunde tatu ni ndefu sana kwa anayengoja, lakini kwa mwenye haya ndizo zinazomtosha kuyapanga maneno yake. Sebuleni ni vivyo hivyo. Ukimwuliza mtu mkimya, usimjibie. Mtazame kwa upole, hesabu moja, mbili, tatu.

Anayeshika usukani

Kila karamu huwa na mmoja. Kumnyamazisha ni kumvunjia heshima, hasa akiwa mkubwa wako. Mpe kazi. Umwombe awasimulie watoto, nao watamfurahia kweli. Au pita katikati ya maneno yake mwenyewe: “Mjomba, hapo kwenye bei ya mahindi umenikumbusha, shemeji ametoka Songea wiki hii, hebu tumsikie huko ni kiasi gani.” Umemheshimu, maana umejenga juu ya neno lake, na zamu imehama.

Utani ni chumvi ya mazungumzo, na Wanyamwezi na Wazaramo wanajuana kwa hilo tangu zamani za misafara. Lakini utani una wenyewe. Asiye mtani wako ukimtania mbele za watu, atacheka kwa meno na kuondoka na donge. Siasa za vyama siwakatazi. Nimeona zimezungumzwa vizuri na watu wenye akili zao. Uchaguzi wa wazee wa kanisa, huo tafadhali uacheni ukae kanisani.

Mwenyeji yuko wapi?

Marta wa Bethania anajulikana kwetu sote, nasi akina mama tunamwelewa kuliko wahubiri wanavyomwelewa, maana chakula hakijipiki. Lakini nauliza: mama akiwa jikoni na masufuria, baba anafanya nini? Katika nyumba nyingi amekaa kama mgeni wa tano, anangoja kuandaliwa. Baba mwenye nyumba, mazungumzo ndiyo jiko lako. Simama, zunguka, ujulishe watu. Kisha chakula kikiisha, badilishaneni, mama naye aketi asikie habari zilizoletwa nyumbani kwake.

Watoto msiwafukuze wote uani. Mazungumzo yakilegea mtoto mmoja asimame aseme, “Kitendawili!” na ukumbi mzima utaitikia, “Tega!” hata mzee aliyekuwa anasinzia. “Nyumba yangu haina mlango.” Wote wakishindwa, mtegaji hudai mji, apewe Tabora au Mombasa, asimulie alivyofika huko, ndipo aseme kwamba ni yai. Katika mchezo huu mtoto wa miaka minane anaweza kumshinda Mwenyekiti wa Halmashauri, na mkwe mgeni ambaye bado hajazoea ukoo anapata neno la kusema bila kuogopa kukosea adabu.

Kazi ya vikundi

Katika mkutano wenu ujao, akina mama, akina baba na vijana, fanyeni hivi. Kila mtu ataje, bila kusema jina la mwenye nyumba, swali moja aliloulizwa karamuni likamfurahisha, na moja lililomchoma. Yaandikeni ubaoni, myajadili. Halafu chagueni mtu mmoja wa mtaa wenu ambaye huja katika shughuli na kuondoka kimya. Ulizaneni ni nani anayejua alikozaliwa, kazi aliyoifanya na jambo analolipenda. Kama hapana anayejua, mpangeni wawili wakamtembelee kabla ya sikukuu. Mwisho, jaribuni zoezi la sekunde tatu wawili wawili, kwa saa ya ukutani. Mtacheka, lakini lifanyeni mara tano.