SOMO: Shahidi akihama, neno lake linabaki?

Katika Fizi na Baraka tunalijua jambo hili. Mtu aliyeona uovu kwa macho yake amefariki, au amevuka Ziwa Tanganyika hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Siku ya kesi anasimama jirani na kusema: "Aliniambia hivi." Je, neno hilo linatosha?

Sheria ya Kongo haikatai moja kwa moja ushahidi wa kuambiwa. Jaji ndiye anayepima uzito wake. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 19, inamlinda mshtakiwa: ana haki ya kujitetea. Atamwulizaje mtu asiyekuwapo alikuwa amesimama wapi, na alimtambuaje mhalifu gizani? Kwa sababu hiyo, neno la kuambiwa likiwa peke yake ni jepesi.

Tukumbuke mwaka 2011. Tarehe 1 Januari askari walibaka wanawake mjini Fizi. Mahakama ya kijeshi ilisafiri hadi Baraka, na wanawake 49 wakatoa ushahidi. Tarehe 21 Februari, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 gerezani. Wiki saba tu zilikuwa zimepita, na mashahidi walikuwa bado karibu.

Tutazame pia kesi ya Wakenya William Ruto na Joshua Sang katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Mashahidi kadhaa waligeuza maneno yao au hawakupatikana. Mwaka 2015 majaji walikubali maandishi yao ya awali. Tarehe 12 Februari 2016 majaji wa rufani waliyaondoa, kwa sababu kanuni iliyoyaruhusu ilibadilishwa kesi ikiwa imekwisha kuanza. Mwezi wa Aprili kesi ikasimamishwa. Basi, maandishi husaidia yakipokelewa kwa utaratibu wa haki.

Tufanye nini sisi?

1. Aliyeona, akiwa tayari na akiwa salama, aandikishe maneno yake mapema kwa OPJ au mwendesha mashtaka, kabla ya kuhama. Mali bila daftari hupotea bila habari.
2. Atenganishe aliyoyaona na aliyoyasikia, na amtaje aliyemwambia.
3. Asomewe maandishi katika lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi au dole gumba.
4. Akihama, amwachie mwanasheria wake njia ya kumpata. Jina lake lisitangazwe kambini.
5. Viongozi, tusimfundishe shahidi la kusema, wala tusimlazimishe mwathirika kurudia habari yake mbele ya kila mgeni.

Tukifanya hivyo, tunamlinda aliyeumizwa, na pia asiye na hatia asifungwe kwa uvumi.

Maswali ya kujadili

- Katika kijiji au kambi yetu, nani anajua ofisi ya kuandikisha ushahidi iko wapi?
- Tukisikia habari ya uovu, tunaipeleka kwa nani kabla ya kuisambaza?
- Je, tungeridhika ndugu yetu ahukumiwe kwa maneno ya mtu asiyeweza kuulizwa?