Kuchagua Ndoano na Uzi wa Kuvulia Bwawani

Mkulima wa Muthara anayetaka samaki wawili watatu wa chakula cha jioni hana haja ya kumwaga maji ya bwawa zima, hasa wakati wa kiangazi. Ndoano inatosha, mradi ilingane na samaki.

Tilapia ana mdomo mdogo. Anahitaji ndoano namba 8 au 10 na uzi wa nailoni unaostahimili kilo 3. Wengi hukosea hapa dukani: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo ndoano inavyokuwa ndogo. Kambare ana mdomo mpana na nguvu nyingi. Ndoano namba 2 na uzi wa kilo 8 humfaa. Wote wawili hula minyoo, na tilapia hupenda pia donge la ugali.

Mashine ya kukunjia uzi na chambo bandia cha plastiki ni vya besi wa Ziwa Naivasha, samaki aliyeletwa kutoka Marekani. Kwa bwawa la mita 15 kwa 20, ufito wa mwanzi wa mita 3 unatosha.

Kabla ya kuvua, kijino cha ndoano kibanwe kwa koleo ili samaki mdogo atolewe upesi na kurudishwa majini akiwa mzima. Ashikwe kwa mikono iliyolowa, kwani mikono mikavu humwondolea ute unaomkinga na magonjwa.